Mzee Egesa na Dramu Nane Alizozikataa

Dramu ya breki iliyo nzima ikigongwa kwa nyundo hulia kama kengele ya shule, na mlio wake huchukua muda kuisha. Yenye ufa hutoa sauti moja fupi inayokufa papo hapo, kama ndoo ya plastiki iliyoangukia matope. Niliisikia sauti hiyo fupi mara nne mfululizo asubuhi ya tarehe 27 Machi mwaka huu, mbele ya wafanyakazi wote wa tawi la Malaba, na mpaka leo haijaniacha. Aliyeshika nyundo alikuwa Mzee Gabriel Egesa, mtunza stoo wetu.

Mzee Egesa anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia kampuni ya Njia Kuu Spea kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sherehe hii kwa sababu mimi ndiye ninayeandika jarida la wafanyakazi. Mazuri yake peke yake yangejaza kurasa hizi, na nitayaandika. Lakini mwezi wa Juni jarida hilo lilichapisha jambo juu yake ambalo si kweli. Nililiandika mimi. Nalo nitalifikia.

Alizaliwa Sigalame mwaka wa 1965, akasoma huko hadi kidato cha nne, kisha akaja Busia kujifunza umekanika kwenye gereji ya malori. Februari 1994 aliajiriwa na kampuni hii ilipokuwa bado chumba kimoja chenye mlango wa mbao mjini Malaba, kikiuza springi na filta za malori ya zamani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha spea kuukuu kwa dizeli. Baada ya miezi mitatu alikabidhiwa ufunguo wa stoo. Leo kampuni ina matawi mawili, Malaba na Busia, na stoo ya Malaba ina rafu za kufika dari. Ufunguo ulibadilishwa mara tano. Aliyeushika hakubadilika.

Sheria zake za stoo zinajulikana. Hakuna anayekalia tairi. Hakuna mteja anayepita kaunta, hata akiwa na haraka ya kwenda Juba. Meneja wetu, Madam Roselida Onyuka, akitaka hata balbu ya taa ya nyuma, hutia sahihi kama sisi wengine. Anasema siku yake ya kwanza alijaribu kuingia bila kubisha, akaambiwa kwa upole, "Madam, rudi hapo mlangoni tuanze upya." Alirudi.

Wengi wenu mnamwita Padri na huenda hamjui jina hilo lilianzia wapi. Mwaka wa 2020 foleni ya malori ilitoka mpakani ikanyooka kilomita nyingi kuelekea Bungoma, na madereva walikaa humo siku baada ya siku wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Dukani hapakuja mtu. Mzee Egesa alichukua baiskeli, akafunga filta nyuma, akavaa mikanda ya feni shingoni, mingine myeusi, mingine yenye mstari wa kijani, ikining'inia hadi kifuani kama stola, akaanza kupita lori kwa lori. Dereva mmoja Mganda alipomwona akichungulia dirishani alitoa kofia akasema, "Padri, nibariki na filta ya oili." Jina likashika foleni nzima. Paroko wa kweli, ambaye pikapu yake ilikuwa imekatika mkanda papo hapo, alimsimamisha na kumwomba msaada akimwita "mwenzangu". Mwaka huo tawi la Malaba liliishinda Busia kwa mauzo kwa mara ya kwanza. Wenzetu wa Busia bado wanadai baiskeli ile haikuwa halali.

Kisa kingine nakijua kutoka nyumbani, maana mimi ni mzaliwa wa Osieko. Lori la samaki lililotoka ufuoni kwetu Jumapili moja lilivunjika beringi ya gurudumu karibu na Mundika, barafu ikaanza kuyeyuka. Mzee alikuwa Busia siku hiyo, ametoka misa akiwa na suti. Alifungua stoo ya Busia, akaleta beringi, na kwa kuwa fundi hakupatikana akalala chini ya lori mwenyewe na suti yake. Samaki walifika sokoni wakiwa wazima. Wavuvi walimshukuru kwa mbuta mkubwa kuliko mtoto wa chekechea, na mkewe, Mama Gaudencia, husimulia kwamba nyumba ilifurahia yule samaki ila suti haikusameheka.

Lakini anachokumbukwa kwacho zaidi ni kugonga. Kila dramu ya breki iliyoingia stoo aliisimamisha juu ya kipande cha ubao na kuigonga mahali patatu kwa nyundo ndogo yenye mpini wa mpera, sikio likiwa karibu. Iliyolia vizuri ilikwenda kwenye rafu. Isiyolia ilichorwa msalaba wa chaki na kuwekwa nyuma ya mlango ili irudishwe kwa muuzaji wa jumla. Alijifunza hivyo gerejini akiwa kijana, na hakuacha hata spea zilipoanza kuja zikiwa zimefungwa kwenye maboksi yenye mihuri ya ukaguzi. Madereva walilijua hilo. Kabla ya kupokea dramu waliuliza jambo moja tu: "Padri ameigonga?" Akisema ndiyo, waliibeba. Hadi Machi mwaka huu, kwa miaka yote hiyo, hakuna dramu iliyotoka mikononi mwake ikarudi imepasuka.

Nilijiunga na kampuni mwaka wa 2023, nikiwa nimetoka chuo kikuu, kama afisa wa mauzo. Siku ya kwanza aliniuliza nyumbani ni wapi, na tangu hapo akaniita nyar Osieko, binti wa Osieko, ingawa yeye si Mjaluo na matamshi yake yalinichekesha. Alinifundisha kutofautisha bushi za springi kwa kuzipapasa nimefumba macho. Katika mwaka mmoja nilijua namba za spea kuliko watu walionitangulia. Ninaandika hili si kwa kujisifu. Nilianza kuamini kwamba kile nisichokijua hakikuwa na maana kubwa, na kugonga dramu kulikuwa miongoni mwa nisivyovijua.

Januari mwaka huu nilipendekeza mpango wa kumhudumia kila mteja kwa dakika kumi. Uongozi uliupokea, na mauzo kweli yalipanda. Kilichonichelewesha ni dramu. Mteja husimama kaunta, lori linapoteza nafasi kwenye foleni, na ndani ya stoo unasikia ngo, ngo, ngo. Siku moja niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mzee anabisha hodi kwa dramu tena. Nani atamfungulia?" Watu ishirini na mmoja walicheka. Mzee Egesa naye alituma kidole gumba. Nilichukulia kwamba amefurahi.

Alhamisi ya tarehe 13 Machi Mzee alikuwa Busia akihesabu bidhaa, nami niliachiwa ufunguo. Eriaku, dereva wa Mama Benedetta, mwenye malori wa Mundika, alikuja kutafuta dramu nne za trela. Rafu ilikuwa tupu. Nyuma ya mlango kulikuwa na dramu nane, mpya, bado na rangi ya kiwandani, kila moja na msalaba wa chaki. Robo ya mwaka ilikuwa inakaribia kufungwa, na nilikuwa nyuma kidogo ya mwenzangu wa Busia. Nilizigeuza, nikazitazama pande zote, sikuona ufa wowote. Nikalowesha kitambaa, nikafuta misalaba yote minane. Nne nilizitoa, nne nikazipandisha kwenye rafu.

Kaunta, Eriaku aliuliza kama kawaida. "Dada, Padri amezigonga hizi?"

Nikamjibu, "Amezigonga."

Halikuwa neno la uongo. Alizigonga, na alizikataa. Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi minane na kila mara naliona baya kuliko uongo wa kawaida, kwa sababu nililichagua.

Siku kumi na mbili baadaye, trela la Mama Benedetta likiwa limebeba saruji, dramu mbili zilipasuka kwenye mteremko kabla ya Bungoma. Mbele kulikuwa na watoto wa shule wakivuka. Eriaku alikata usukani akaliingiza lori kwenye miwa. Hakuna mtoto aliyeguswa. Yeye alivunjika mfupa wa bega na hakuendesha gari hadi mwisho wa Agosti.

Tarehe 27 ndipo tulipoitwa sote stoo. Dramu nne zilizobaki zilikuwa kwenye rafu, safi, bila alama. Madam Roselida alimwomba Mzee azigonge mbele yetu. Alizigonga. Nimeshasema zilitoa sauti gani.

"Mzee," Madam akauliza, "hizi zilifika aje kwa rafu?"

Mzee Egesa aliiweka nyundo chini. Aliangalia ile rafu, kisha akaniangalia mimi. Sikumwangalia. Nilikuwa nikisoma maandishi kwenye boksi la filta lililokuwa karibu na mguu wangu, na hata leo naweza kuwatajia namba yake.

"Stoo ni yangu, madam," akasema.

Alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake. Wiki mbili baadaye nilipewa ngao ya Muuzaji Bora wa Robo ya Kwanza, naye alipiga makofi pamoja na wengine. Na mwezi wa Juni niliandika katika jarida letu, chini ya habari za mafanikio ya mauzo, sentensi hii: "Kosa la uangalizi lililotokea stoo ya Malaba limerekebishwa." Niliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka kuchapwa, nikaridhika kwamba haikutaja jina la mtu. Malaba nzima ilijua stoo ni ya nani.

Barabara haikungoja jarida. Madereva walianza kusema "sitaki dramu ya Padri", na neno hilo likaenda mbali kuliko lori lolote. Nimelisikia kwa dereva wa Kampala ambaye hajawahi kumwona Mzee. Siku moja ya Julai kijana wa trela aliokota ile nyundo kaunta, akagonga kaunta yenyewe na kuuliza, "Padri, na hii iko na ufa?" Foleni yote ilicheka. Mzee alitabasamu, akachukua nyundo yake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo amekuwa akigonga dramu mlango wa stoo ukiwa umefungwa. Mimi nilikuwa kaunta nikiandika oda. Niliendelea kuandika.

Ijumaa ya tarehe 14 mwezi huu nilikwenda stoo na daftari kumhoji kwa ajili ya wasifu huu. Alinieleza habari za 1994, za baiskeli, za suti. Alicheka sana kwenye suti. Nilipofunga daftari nikamwambia kwamba zile dramu nilizifuta chaki mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wake.

"Najua," akasema. "Kitambaa ulikiacha kwa sinki. Nilikiosha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ningekutaja ungekataa. Halafu ningekuwa mzee anayetafuta msichana wa kulaumu." Alikuwa akipanga filta huku akiongea, hakuacha. "Nilisema stoo ni yangu kwa sababu ni yangu. Mimi ndiye nilikuachia ufunguo. Hiyo ingine, nyar Osieko, nilikuwa nangoja useme. Nilidhani ni siku mbili, tatu."

Nilitaka aniambie kwamba si kitu. Hakuniambia. Aliniuliza kama Eriaku amepona vizuri, nikagundua kwamba sijui.

Katika rasimu ya kwanza ya kurasa hizi niliandika "afisa mmoja wa mauzo". Nimefuta. Ni mimi, Beryl Aloo, ninayeketi dawati la pili kutoka mlangoni.

Sasa niseme lile ambalo wasifu wa mtu kama huyu unapaswa kusema. Mzee Egesa amewafunza kazi watunza stoo sita, wawili wao leo wana maduka yao Busia. Amefanya kazi chini ya mameneja wanne bila kubadilisha salamu yake ya asubuhi. Hajawahi kutuma mteja kwenye duka lingine bila kupiga simu kwanza kuhakikisha spea ipo. Tawi la Malaba lilifika lilipofika kwa sababu mtu anayeendesha tani thelathini za mzigo aliamini kwamba mzee fulani ndani ya stoo amesikiliza kwa niaba yake. Mauzo yangu yote yalisimama juu ya imani hiyo, na niliiuza pamoja na dramu nne.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa matawi yote mawili, tunakushukuru, Mzee. Mama Gaudencia, tunakurudishia mume wako akiwa na masikio mazima na magoti yaliyochoka kupanda ngazi za rafu. Mihogo na njugu za Sigalame zikustawie, Mzee wetu. Upate muda wa kukaa bila mtu kuita dirishani, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya na utulivu.

Mwisho, taarifa, kwa sababu hili ni jarida la habari pia. Jumatatu tarehe 17 nilimwandikia Madam Roselida maelezo yote na kuiacha ngao juu ya meza yake. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili ya Mzee Egesa. Kuhusu kazi yangu, bado sijajibiwa, na hilo ni la uongozi. Madam alinishauri mengine yabaki kwenye faili, kwa sababu hii ni sherehe na kuna familia. Ninamheshimu, na kurasa hizi nimezipeleka kuchapwa bila kumwonyesha. Madam, unazisoma sasa pamoja na wengine. Nisamehe kwa hilo.

Faili haisomwi barabarani. Kwa hiyo Jumatano nilikwenda Mundika kwa Mama Benedetta na kumweleza yeye na Eriaku uani kwao. Mama Benedetta hakunikaribisha kuketi, na alikuwa na haki. Eriaku alinionyesha mkono wa kushoto unafika wapi akiuinua. Haufiki juu ya kichwa. Kisha Alhamisi asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nilibandika karatasi kwenye kioo cha kaunta ya Malaba, mahali ambapo madereva hupanga foleni: "Dramu nne zilizouzwa tarehe 13 Machi zilikuwa zimekataliwa na Mzee Egesa. Nilifuta alama yake nikaziuza. Beryl Aloo."

Dereva wa kwanza aliisoma kwa sauti, akaipiga picha, akaituma. Kufikia saa nne ilikuwa imefika Kampala na Mombasa, mahali ambapo mimi siwezi kuifuta. Asubuhi hiyo nilipofungua kaunta, dereva huyo aliinama dirishani.

"Kwa hivyo dada, hiyo ni dramu ya Beryl."

Nikamwambia ndiyo, ni dramu ya Beryl, na wenzake wote waiite hivyo. Halafu akauliza kama Padri yuko, maana alitaka mbili za mbele, na nikaenda kubisha mlango wa stoo.

Beryl Aloo
Idara ya Mauzo, Malaba